Mgonjwa Wetu wa India

Juzi nilikwenda kutoa pole kwa watu fulani wa Lewisville, na kabla sijafika mlangoni harufu ikanipokea kwenye ngazi: pilau iliyofunikwa kwa foili, yale mafuta ya kopo yanayowaka buluu chini ya masinia, na zulia la apatimenti lililokanyagwa na watu wengi waliotoka mvuani. Kama ulikulia Texas na wazazi wako ni watu wa kwetu, unaijua. Nyumbani matanga hunuka moshi wa kuni. Huku yananuka foili. Wenzangu walianza kuulizana kama kuna chapati. Mimi nilirudi garini nikakaa, nikajifanya natafuta simu, kwa sababu harufu ile bado hunirudisha sebuleni kwetu Grand Prairie, siku tuliyomlilia Anti Kanini. Na tafadhali mtu asinipe pole kabla sijamaliza.

Anti Kanini alikuwa mdogo wake mama, kitinda mimba wa nyanya yangu kule Machakos, na alikuwa msusi. Kabla mimi na mama hatujahamia Amerika alinisuka kwa mara ya mwisho, akanibana katikati ya magoti yake tangu uji wa asubuhi mpaka jua likaanza kuingia kwa mlango wa nyuma. Nakumbuka vidole vyake vilivyonuka mafuta ya nazi, na jinsi alivyonipiga kofi dogo la shingo kila nilipotikisika. "Tulia wewe! Hiki ni kichwa, si mpira." Alinisuka nywele ndogo ndogo ili zidumu, maana hakujua kama huko ninakokwenda kuna mtu wa kunisuka. Zilidumu mpaka zikachakaa, na mama alipotaka kuzifumua nililia kama mtu anayechinjwa.

Baba alibaki Kenya. Hadithi yake ni nyingine na haina faida hapa. Tulikuwa mimi na mama tu, kwenye apatimenti iliyotazamana na maghala. Mama alikuwa akihudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, shifti juu ya shifti, na mimi nikitoka shule nilikaa kwa jirani yetu wa chini, Mama Furaha, Mkongomani wa Uvira aliyefanya kazi ya kupakia maboksi ghalani. Kwake nilijifunza kwamba Kiswahili hupikwa tofauti kila nyumba. Kwetu Mungu yuko. Kwa Mama Furaha "Mungu iko", na mimi nilikuwa "mutoto". Nilimpenda sana huyo mama, na nataka hilo lijulikane mapema.

Nilikuwa darasa la tatu hivi Anti Kanini alipopata kazi ya nje. Mama alizunguka jikoni akiimba. Kuna mwanamke mmoja wa Kikenya, tuliambiwa, mwenye saluni kubwa India, katika mji mkuu kabisa, na anatafuta wasusi kwa sababu wanafunzi wa Kiafrika wamejaa huko na hakuna wa kuwasuka. Tiketi juu yake, chumba juu yake. "Mungu amekumbuka kwetu," mama alisema, akanipa soda siku ya shule. Tulimwona Anti kwenye simu akiwa uwanja wa ndege Nairobi, amevaa koti la kuazima lililompwaya mabegani, anacheka mpaka ufizi wote unaonekana. Baadaye simu zake zikawa za Jumamosi tu, asubuhi kwetu, jioni kwake. Halafu zikawa fupi. Halafu mama akaanza kwenda kuzipokea bafuni.

Mlango wa bafu letu ulikuwa mwepesi kama katoni. Jumamosi moja nilisikia sauti ya Anti ikisema, "Dada, kazi si ya nywele." Nilidhani Anti amefukuzwa kazi kwa sababu ya kuwapiga wateja makofi ya shingo, na nikaona wamemwonea.

Kesho yake, kanisani, ndipo jambo lenyewe lilipopata jina. Lakini kwanza niseme neno juu ya India. Sisi watu wa Afrika Mashariki tunajuana: kwetu mtu haendi India, mtu hupelekwa. Ukisikia fulani yuko India huulizi anafanya nini huko. Unauliza ni moyo, ni figo ama ni kansa, na unauliza kwa sauti ya chini. Wakongomani wa kanisa letu walikuwa hivyo hivyo. Hilo ndilo lililotumaliza.

Kanisa lilikuwa ukumbi wa kukodi nyuma ya duka la matairi, na hata mahubiri yalikuwa na harufu ya mpira. Wakati wa kutaja mahitaji, mama akasimama. Hakuwa mtu wa kusimama. "Naomba mniombee mdogo wangu," akasema. "Yuko India. Hali yake si nzuri." Alitaka kuendelea, naapa alitaka, kwa sababu nilimwona akivuta pumzi ya mtu mwenye jambo refu la kusema. Kilio kikamkaba. Mama Furaha aliyekaa kando yake akamshika kiuno, akamuuliza kwa upole wake wote, na ukumbi mzima ukisikia, "Ni figo ao ni roho?" Kwa Kikongomani roho ni moyo.

Mama akamtazama. Akatazama manesi wa Kikenya kwenye safu ya mbele, wamevaa wakavalika. Akawatazama wazee wa kanisa, waume kwa wake. Akanitazama mimi.

"Figo," akasema.

Ukumbi ukaguna kwa huruma, Pasta akanyoosha mikono, na tukaombea figo mpaka madirisha yakaingia jasho.

Unaona mtego? Hakupanga uongo. Alipewa uongo uliokwisha kupikwa, akiwa amechoka, na ulikuwa na heshima kuliko ukweli. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba yule Madam wa saluni alikuwa amemtumia ujumbe: ukipiga kelele, picha za mdogo wako zitafika kwa mama yako mzazi na kwa kila mtu wa kijijini. Hakuniambia picha za nini, na mimi sikuuliza, nilikuwa mtu mzima.

Lakini mtoto wa miaka minane ukimpa figo, anaishi na figo. Kila nilichosikia kupitia ule mlango kiliingia mahali pake sawasawa. Anti hakuruhusiwa kutoka: bila shaka, wagonjwa hawatoki. Madam ndiye aliyeweka pasipoti yake: nikajua Madam ni nesi mkuu, maana hata mimi nilipotolewa tezi za koo walichukua karatasi zetu wakaziweka wao. Walilala wasichana wengi chumba kimoja: wodi. Dirisha lilikuwa na vyuma ili mtu mwenye homa asianguke. Na walimpa vidonge, jambo ambalo Anti alilisema akilia, nami nikamshangaa, mtu mzima mzima analilia dawa. Niliwahi kumwambia kupitia mlango, kwa Kiingereza changu cha shule, kwamba ameze na juisi, uchungu hausikiki. Mama alifungua maji ya bomba ili nisisikike.

Figo zenyewe nilizijua kutoka kabatini. Yale maharagwe mekundu ya mkebe, tuliyopikia githeri pamoja na mahindi, Kiingereza chake ni maharagwe ya figo. Yameandikwa hivyo hivyo kwenye mkebe, kwa herufi kubwa. Nikaelewa: ndani ya tumbo la mtu kuna maharagwe, na ya Anti yameharibika, na daktari anangoja mengine. Basi kila tulipokula githeri nikawa natenga yangu mekundu pembeni, nayaosha, nayaweka kwenye kikopo cha mtindi nyuma kabisa ya friji. Mama alipokiona kile kikopo, kimeshaanza kunuka, aliniuliza ni uchafu gani huu. Nikamweleza. Alikaa kwenye sakafu ya jikoni na sare yake ya kazi, akacheka, akacheka, mpaka nikaanza kucheka naye, halafu nikaona kwamba hacheki tena. "Aiya, Mwende," akasema. "Aiya, mwanangu." Hakunieleza kitu. Akakiosha kikopo akakirudisha kikiwa kitupu, na mimi nikajua yamepokelewa, yametumwa.

Watu walikuwa wema. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo, maana ningepata nafuu kama wangekuwa wabaya. Walifunga kula Jumatano kwa ajili yake. Mama Furaha akitoka ghalani na mgongo unauma, hapiti mlango wetu bila kuuliza, "Mugonjwa wetu wa India anaendeleaje?" Na mama akawa fundi. Kazini kwake alihudumia wazee wa figo kila siku, kwa hiyo aliujua ugonjwa huo kikazi: miguu imevimba, damu inaoshwa, wiki hii hana hamu ya chakula. Nilimsikia akiusimulia ule ugonjwa vizuri kuliko mtu anayeugua. Akishafunga mlango, analala na viatu.

Mlango mmoja ulifunguka, na ulikuwa Houston. Makanisa yetu yalikuwa na mkutano wa pamoja huko, na Mama Furaha akaleta habari kwamba mzee mmoja wa kanisa la Houston, Baba Tito, ana kijana wake anasoma India, na ni katika mji ule ule. "Mupe tu jina ya hospitali," akasema, "kijana ataenda kumuona." Usiku ule mama hakupika. Asubuhi aliomba ruhusa kazini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata nilipougua.

Kwa hiyo tukateremka Houston na gari letu bovu lisilo na kiyoyozi. Mama hakupenda ku-drive barabara kuu. Alikumbatia usukani na malori yakitupita yakitikisa kioo. Na njia nzima alikuwa akijifundisha maneno, midomo ikicheza. "Baba Tito, naomba tuongee pembeni. Mdogo wangu si mgonjwa." Anakosea, anaanza upya. "Baba Tito, nitakuambia jambo na nakuomba liishie kwako. Mdogo wangu si mgonjwa." Mimi nyuma nilikuwa karibu kupasuka kwa furaha. Si mgonjwa! Amepona! Nikajua tunakwenda kutoa ushuhuda, na kwamba labda nitaitwa mbele nieleze habari za maharagwe.

Houston ina joto lenye maji ndani yake. Ukumbi ulikuwa umejaa, feni zinavuma, wanawake wamepanga meza za chakula, watoto wanateleza sakafuni. Baba Tito alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye kitambaa cha kufutia jasho begani, na alituona kabla hatujamwona. Mama hata hakupata kuweka mkoba chini.

"Mama Mwende! Karibu, karibu. Nimeshaongea na kijana wangu. Nipe jina la hospitali tu, kesho atakuwa hapo na matunda."

"Asante sana, Baba Tito. Naomba tuongee kidogo pembeni."

"Pembeni ya nini? Hapa sote ni familia. Mficha maradhi kifo humuumbua, mama. Sema tu." Watu waliokuwa na sahani wakasogea, kwa huruma. Akaendelea, akiwageukia wao sasa. "Unajua huko India kijana nimempa sheria moja. Hawa wasichana wetu wanaokwenda huko kujiuza, wasalimie kwa mbali, na usiwasogelee. Wanatuaibisha, halafu wakishikwa, ooh, tulidanganywa. Nani anadanganywa mpaka anapanda ndege? Lakini mgonjwa ni mgonjwa. Mgonjwa nitamtuma mtoto wangu hata kwa miguu."

"Kweli kabisa," mtu akasema. "Ni kweli," mwingine akasema. Mama Furaha pia aliitikia kwa kichwa, na mkono wake ukiwa mgongoni kwa mama, akimsugua.

Mama akalainisha leso yake. Akailainisha tena mahali pale pale.

"Wamemhamisha," akasema. "Nikijua hospitali mpya nitakupigia."

"Usichelewe," Baba Tito akasema, akampa sahani.

Tulikula. Nilimsubiri mama atoe ushuhuda, na hakuitwa mtu. Njiani kurudi nikamuuliza, kwani Anti si amepona? Akaniambia ninyamaze, Mwende, anaangalia barabara. Watu nikiwasimulia huniambia nimsamehe yule mzee, hakujua. Ni kweli, hakujua. Lakini alisema. Angeweza kula pilau yake akanyamaza. Mimi simsamehe, na umri huu sioni nikibadilika.

Baada ya Houston simu zikaisha. Hazikuisha kwa kishindo. Jumamosi moja haikulia, tukasema mtandao. Nyingine haikulia. Picha ya Anti kwenye simu ya mama, ile ya koti la kuazima, ikageuka kile kivuli cha kijivu kisicho na uso. Joto likaondoka, ile miti michache ya Texas inayojua kupukutika ikapukutika, na mama akakonda mpaka sare ikawa inamning'inia. Kanisani watu wakaacha kumuuliza mgonjwa anaendeleaje. Mtu aliyepelekwa India akinyamaza muda ule wote, na dadake anakonda, watu wazima wanajua kujumlisha.

Basi Ijumaa moja Pasta alikuja na Mama Furaha na wanawake wawili, wakavua viatu mlangoni. "Mama Mwende," Pasta akasema, "tumeelewa. Usijitese peke yako." Kisha akauliza, "Mwili je? Utarudishwa nyumbani?" Mama akasema, "Sijui." Ndilo neno la kweli pekee alilowaambia juu ya Anti Kanini tangu zile figo, na ndilo lililommaliza. Maana hata yeye alikuwa hajui. Alikuwa ameshaota mara nyingi kwamba mdogo wake amekufa. Nafikiri alichoka kiasi kwamba mtu akimwambia keti tukusaidie kulia, aliketi.

Kesho yake asubuhi nyumba ilijaa. Foili, masinia, viti vya kukunja vya kanisa, wanawake wa Kikongo na vitenge vyao wakiimba tangu ngazini. Ile picha ya uwanja wa ndege, ambayo mama alikuwa ameihifadhi, ilikuzwa, ikawekwa kwenye fremu juu ya televisheni. Nililia sana, kisha nikachoka kulia kama watoto wanavyochoka, nikaenda kukaa kwenye korido karibu na mashine ya kufulia na simu ya mama, kucheza mchezo wa kupanga peremende. Simu ya mama ilikuwa yangu kila wakubwa walipokuwa na mambo yao.

Ikaita mkononi mwangu. Namba ndefu, mwanzo wake ni ule wa India.

"Mwende?" ilikuwa sauti yake, inahema, na nyuma yake honi nyingi. "Mwende, ni Anti. Nimetoka. Nimeomba simu ya mtu wa duka. Nipe mama, haraka, nipe mama."

Sikushtuka. Nilikuwa nimefundishwa Jumapili kwa Jumapili kwamba wafu wanaishi. Nilifurahi tu, nikakimbia nikipenya katikati ya miguu ya watu mpaka kwenye kochi alipoketi mama, katikati ya wanawake. Pasta alikuwa ameshasema tuombe na macho yamefungwa.

"Mama, ni Anti."

"Eeh Mungu wangu," Mama Furaha akanong'ona. "Masikini mutoto."

Mama akaichukua simu. Akaiona ile namba. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia meno yake. Pasta akafungua macho, na wengine wakafungua, na sebule nzima ikawa inamtazama mama na picha ya mdogo wake juu ya televisheni ikiwa nyuma ya vichwa vyao.

"Nani, mama?" Pasta akauliza.

"Ni wale watu wa bima ya gari," mama akasema, akakata.

"Hao nao hawana hata haya ya msiba," mtu akasema, na wengine wakaguna, kwa sababu hakuna mtu Texas ambaye hajapigiwa na watu wa bima ya gari. Macho yakafungwa tena. Mama akaiingiza simu ndani ya leso akaishika kwa mikono miwili. Alikuwa anangoja Amina. Najua hivyo kwa sababu aliniambia: nilisema Amina tu, Mwende, Amina nitoke. Mtu hainuki katikati ya maombi ya msiba wake mwenyewe. Lakini Pasta wetu hakuwa mtu wa kuomba haraka. Aliwaombea waliosafiri na walio njiani, akaombea Kongo, akaombea Kenya, akaombea figo za wote waliobaki.

Amina ilipokuja, mama alinikamata mkono tukaingia bafuni. Akafungua bomba. Akaiwasha simu sauti kubwa, akaiweka juu ya sinki, akapiga. Iliita. Akapokea mwanamume.

"Sista yangu," mama akasema kwa Kiingereza, "sista, msichana Mwafrika, alikupa simu." Yule mtu akasema maneno mengi tusiyoyajua. Honi zilikuwa pale pale, zile zile. Mama akarudia. Yule mtu naye akarudia, polepole sasa, kama anayemsemesha mtoto.

"Chali," akasema. "Chali gai."

"Chali?"

"Chali, chali," akasema kwa kukerwa, akakata.

Mama akafunga bomba. Huko nje walikuwa wameanza wimbo. Akaniinamia, uso wake karibu kabisa na wangu. "Amesema chali," akaniambia. "Yuko chali, Mwende. Ameanguka. Wamempata, wamemuua, yuko chali." Nami nikamwona, kama alivyomwona yeye: Anti amelala chali barabarani, macho yanatazama juu, na mtu wa duka amesimama anamtazama. Tukafungua mlango. Mama alilia kilio ambacho sijakisikia tena, na wanawake wakampokea wakisema, "Lia, mama, toa yote," maana hata wao walikuwa wameona kwamba tangu asubuhi alikuwa hajalia vizuri.

Jioni ile alimpigia nyanya, akamwambia figo. Namba ya duka alijaribu tena siku zilizofuata na haikupokelewa, na baadaye haikupatikana kabisa. Hakumtafuta tena, na hakuna aliyemtafuta. Nani anamtafuta mtu aliye chali? Nyanya alikufa akiamini figo. Mama Furaha alihamia kwa mwanawe, na kila mwaka hupiga kutuombea faraja.

Mimi nikawa nesi, kama nusu ya watoto tuliokua nao. Mwaka huu tulipata mgonjwa, bibi wa Kihindi ambaye Kiingereza chake kiliondoka na akili yake, na binti yake huja kumlisha. Siku moja nilipoingia na dawa binti alikuwa ameshatoka. Bibi akanionyesha mlango kwa kidole chake chembamba, kwa masikitiko, akasema, "Chali gai."

Niliweka dawa mezani. Nilimfuata nesi mwenzetu wa Kihindi kwenye chumba cha chai, nikamsemea lile neno. Akacheka matamshi yangu. Akaniambia maana yake ni ameenda. Mwanamke, ameondoka. Alikuwepo hapa, na sasa ameenda zake. Akaniuliza kama niko sawa, nikamwambia niko sawa.

Nilijiuliza kama nimwambie mama. Mtu mwenye busara angenyamaza. Yeye ni mzee sasa, amemlilia mdogo wake akamaliza. Lakini mimi nimechoshwa na kunyamaza kwa nyumba yetu. Nikaenda Mansfield anakoishi sasa, nikamkuta ameketi gereji kwenye kiti cha plastiki, mlango wa gereji wazi, ameweka miguu nje ya viatu ipate upepo.

"Mama," nikamwambia, "lile neno la yule mtu wa duka halikuwa Kiswahili. Chali ni lugha yao. Alikuwa anakuambia ameenda. Anti alisimama pale akakungojea, akaona hupigi, akaenda."

Jirani alikuwa anakata nyasi. Mama akashika mkono wa kiti akainuka nusu, na mguu wake ukaanza kutafuta kiatu pale sakafuni bila yeye kuangalia.

"Ameenda wapi?" akaniuliza.